Tulimchukua akiwa na miaka minne: je, tulichelewa?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Nimelifupisha kwa ruhusa yake:

"Mimi na mume wangu tumeasili watoto wawili. Binti alikuja kwetu akiwa na miaka minne na miezi miwili, kutoka makao ya watoto. Kabla ya hapo alilelewa na bibi yake mzaa mama huko Kilosa, mpaka bibi alipofariki mtoto akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Miaka miwili baada ya yeye kuja tulimpokea mdogo wake, wa kiume, akiwa na miezi mitatu. Sasa binti ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Tangu avunje ungo amebadilika. Anaficha chakula chumbani, anakasirika kwa jambo dogo, anajifungia na kulia. Mara mbili amepanda bodaboda ya mtu asiyemjua, na nilipomuuliza akasema 'alikuwa mkarimu'. Mdogo wake ana miaka minane na hana shida yoyote. Yeye hajui kwamba tulimwasili. Tunasubiri afike sekondari. Wifi zangu wanasema samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mtoto ukimchukua mkubwa hashikiki. Mume wangu anataka tumpeleke bweni anyooke. Je, tulichelewa? Na bweni litamsaidia?"

Dada yangu, nitangulize jibu, maelezo yafuate. Hamkuchelewa kwa maana wanayoisema wifi zako. Bweni kwa sasa, hapana. Na mtoto aliyenitia wasiwasi zaidi niliposoma barua yako si binti peke yake. Ni wote wawili, kwa sababu ya ile siri. Nitaifikia.

Swali lako la umri limechunguzwa kwa makini sana, na sehemu kubwa ya tunachokijua imetoka Romania. Mwaka 1966 utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Watu walikuwa maskini, watoto wakazaliwa wengi kuliko familia zilivyoweza kulea, na vituo vya serikali vikajaa. Utawala ule ulipoanguka Desemba 1989, dunia ikaona watoto waliokuwa wakishinda kwenye vitanda vya vyuma, mlezi mmoja akihudumia watoto wengi mno, chupa za maziwa zikiegemezwa kwenye mto kwa kuwa hapakuwa na mkono wa kuzishika. Familia nyingi za Uingereza zikaenda kuasili. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Michael Rutter, pamoja na wenzake walichukua watoto 165 kati ya hao na kuwafuatilia. Wengi walikuwa wameingizwa vituoni wakiwa wachanga wa wiki chache, na walifika Uingereza wakiwa na umri wa kuanzia wiki mbili hadi miezi 43. Walilinganishwa na watoto 52 wa Uingereza kwenyewe walioasiliwa kabla ya kutimiza miezi sita. Wakapimwa wakiwa na miaka 4, 6, 11, 15, kisha tena walipokuwa watu wazima wa miaka ishirini na kitu.

Waliokaa vituoni chini ya miezi sita walikua karibu sawa na wale wa Uingereza. Waliozidisha miezi sita, wengi wao walibaki na shida za aina fulani: kutotulia na kushindwa kukaza akili kwenye jambo moja, ugumu wa kusoma hisia za wengine, na ile hali ya mtoto kumzoea mgeni kama ndugu yake. Uwezo wao wa kiakili, uliokuwa chini walipofika, ulipanda taratibu hata wakawafikia wenzao ukubwani. Lakini huzuni, wasiwasi na misukosuko ya hisia vilikwenda kinyume: udogoni havikuonekana sana, vikaanza kujitokeza kuelekea ujana na kuongezeka baadaye. Na takriban mtoto mmoja kati ya watano wa kundi lile lile la zaidi ya miezi sita hakuonyesha shida yoyote katika vipimo vyote, tangu utotoni hadi utu uzima.

Tulia kidogo kwenye matokeo hayo, maana ndipo wifi zako wanapokosea.

Kilichowaumiza watoto wale hakikuwa umri wa siku waliyopokelewa. Kilikuwa maisha yaliyojaza umri huo. Mtoto aliyeasiliwa akiwa na miaka mitatu alikuwa amekaa miaka mitatu bila mtu wa kumbeba na kumjibu anapolia. Tena baada ya kuvuka miezi sita, kuongeza miezi hakukuwa na uzito ambao mtu angetarajia: aliyekaa mwaka mmoja na aliyekaa miaka mitatu hawakupishana sana kama walivyopishana wote wawili na yule aliyetoka mapema. Kama umri wenyewe ndio ungekuwa sumu, kila mwezi ungeongeza dozi.

Sasa mweke binti yako pembeni ya watoto hao. Kwa hesabu ya karatasi yeye aliasiliwa akiwa mkubwa kuliko wote. Lakini miaka yake miwili na nusu ya kwanza aliishi mgongoni mwa bibi. Alibebwa kwa kanga, alilia akajibiwa, alijifunza sauti moja na harufu moja. Wakati ambao mtoto wa Romania alikuwa akikosa, yeye alikuwa akipata. Msingi ulijengwa. Kilichomtokea baadaye ni msiba, kisha mwaka mmoja na miezi minane ya makao. Hayo ni majeraha halisi na nitayaeleza, ila ni ya aina nyingine: ni jeraha la kupendwa halafu kupoteza. Mtu anayekwambia "miaka minne, basi tena" hajauliza hiyo minne iliishiwa wapi.

Hiyo ndiyo sababu tafiti za umri wa kuasiliwa zinaonekana kugongana. Femmie Juffer na Marinus van IJzendoorn, watafiti wa Uholanzi, walikusanya mwaka 2005 tafiti nyingi za watoto walioasiliwa kwenda nchi nyingine na wakakuta wana shida za tabia zaidi kidogo kuliko watoto wengine. Tofauti ilikuwa ndogo, na umri wa kuasiliwa peke yake haukuieleza. Mateso ya kabla ya kuasiliwa ndiyo yaliyoeleza zaidi. Ila ukiuliza juu ya kushikamana na mzazi, umri unajitokeza: mkusanyo mwingine, wa mwaka 2009, ulionyesha kwamba walioasiliwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja hushikamana na wazazi wao sawa na watoto wa kuzaliwa, na waliovuka mwaka huo wengi wao hupata kazi zaidi kumwamini mtu. Kwa hiyo umri una neno lake. Siwezi kukuambia hauna. Lakini unasema neno hilo kwenye jambo moja na kunyamaza kwenye jingine, na mara nyingi unasema kwa niaba ya kitu kingine kilichojificha nyuma yake.

Katika kazi ile ya 2005 kuna jambo nalipenda sana. Shida zenyewe zilizidi kidogo tu, lakini watoto walioasiliwa walipelekwa kwa wataalamu wa afya ya akili kwa wingi uliozidi mno. Wazazi wa kuasili hugonga mlango mapema. Wamezoea kukaguliwa na kuhojiwa, na hawaoni haya kuuliza. Kama ulivyofanya wewe.

Kuna swali moja lililobaki: je, familia nzuri kweli inabadilisha kitu, au watoto wenye nguvu ndio wanaochaguliwa wakaasiliwa? Bucharest, mji mkuu wa Romania, ilijibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walichukua watoto 136 waliokuwa vituoni humo, wakawagawa kwa kura ya bahati: nusu wakapelekwa kwa familia za malezi ya kambo zilizofundishwa, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida, bila mtoto yeyote kuzuiwa kuondoka familia ikipatikana. Waliopelekwa kwenye familia kabla ya miaka miwili walishikamana vizuri zaidi na walezi wao. Lakini jambo ninalotaka mume wako alisikie ni hili: watoto hao walipofika miaka 12, waliokuwa bado na familia ileile waliyopangiwa mwanzo walikuwa na dalili chache za matatizo ya akili na tabia kuliko waliohamishwahamishwa. Kukaa palepale kulikuwa dawa.

Ndiyo maana nimesema hapana kwa bweni.

Hebu fikirieni mtoto huyu bweni ataliona kwa macho gani. Kengele inagonga, mnaamka. Vitanda vimepangwa mstari. Unasimama na sahani kwenye foleni. Matroni wa zamu anaondoka, anakuja mwingine. Nguo zina namba. Mtoto aliyelelewa nyumbani tangu azaliwe anaiona hiyo ni shule, na anahesabu siku za likizo akijua nyumbani papo. Binti yako alishaishi humo. Akirudishwa humo leo, katikati ya ugomvi, baada ya baba kusema "utanyooka", mwili wake utapata jibu la swali ambalo amekuwa akiliuliza kwa miaka kumi: hawa nao watanitoa? Sijasema asisome bweni maisha yake yote. Akifika kidato cha tano na akaomba mwenyewe kwenda, hilo ni jambo jingine kabisa. Kwenda kwa kuchagua na kwenda kwa adhabu havifanani.

Kwa hilohilo, kama kuna mtu nyumbani amewahi kusema, hata kwa hasira, hata mara moja, "tutakurudisha ulikotoka", mkaeni naye chini mumwombe radhi. Kwa jina, waziwazi, baba na mama wote mkiwepo. Nimekaa na vijana walioikumbuka sentensi hiyo neno kwa neno miaka sita baadaye, wakaweza kuniambia ilikuwa siku ya mvua na mama alikuwa amevaa gauni gani. Kisheria pia haina msingi: amri ya mahakama ya kuasili, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imemfanya mwanenu kana kwamba mlimzaa. Mwonyesheni ile karatasi. Wengi hawajawahi kuishika mkononi, na kwa mtoto wa miaka 14 karatasi yenye muhuri wa mahakama na jina lake huongea kuliko sisi.

Sasa chakula. Nilimpokea mvulana mmoja wa umri kama wa binti yako, aliyeletwa kwa "wizi". Mama yake aliweka juu ya meza yangu ushahidi: nusu ya chapati iliyokauka kama ubao, imekunjwa ndani ya karatasi ya daftari la jiografia, na ramani ya Afrika imelowa mafuta. Alikuwa ameikuta ndani ya foronya. Nyumbani kabati la jikoni lilikuwa tayari limetiwa kufuli. Nikamuuliza kijana, akaniambia kitu ambacho kilimnyamazisha mama: "Siili. Naiweka tu." Alikuwa hali chapati ile. Alikuwa analala nayo. Makaoni alikotoka, wakubwa walikuwa wakinyang'anya, na aliyekosa saa kumi na mbili alikosa mpaka asubuhi. Mwili hujifunza somo hilo kabla ya mtoto kujua kusema, na hausahau kwa sababu friji imejaa.

Tulifungua kufuli. Mama akanunua bakuli la plastiki lenye mfuniko, akaliweka chumbani kwa mtoto na karanga, biskuti na ndizi mbivu mbili, na kila Jumapili akawa analijaza bila kuuliza kilikwenda wapi. Wiki za kwanza lilikuwa likikutwa tupu Jumanne. Ilichukua miezi. Kisha Jumapili moja mama akalikuta limejaa karibu vilevile alivyoliacha, ndizi zimeanza kuwa nyeusi, na akanipigia simu akilia. Fanya hivyo kwa binti yako. Usimhutubie. Usimtajie gharama. Mwambie tu: hili ni lako, halitaisha. Mkikuta wali umeviringishwa kwenye mfuko chini ya godoro, toeni kwa sababu ya mende, na mseme ni kwa sababu ya mende.

Utaniuliza kwa nini mambo haya yamelipuka sasa, wakati alipokuwa na miaka minane alikuwa kimya. Matokeo ya Romania yamekwisha kukudokeza: hisia zilizolala huamka ujanani. Na kuna sababu mbili.

Moja iko mwilini. Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota huchunguza homoni ya kortisoli, ile ambayo mwili huimwaga tunapopata mshtuko. Yeye na wenzake waliwaweka watoto wa miaka 7 hadi 15 mbele ya watu wasiowajua, wakawaambia watoe hotuba na kufanya hesabu kwa sauti, kisha wakapima mate yao. Watoto walioasiliwa kutoka vituoni, ambao hawajabalehe, kortisoli yao haikupanda kama ilivyopaswa. Mfumo wao ulikuwa kama umezimwa. Lakini kadiri walivyosonga katika kubalehe, mwitikio wao ulikaribia ule wa watoto waliozaliwa na kulelewa nyumbani. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2019. Maana yake ni kwamba mwili hauufungi mlango utotoni. Kubalehe huufungua tena mfumo huo wa mshtuko na kuupima upya kulingana na maisha ya sasa. Ufunguzi huo una maumivu yake: mtoto aliyekuwa hahisi anaanza kuhisi, na anayeanza kuhisi hulia na kupiga mlango. Kwa hiyo wifi zako wakikuletea methali ya samaki, waambie huyu ndiyo kwanza ameingia kwenye ubichi wake wa pili, na mtakachomfanyia kati ya sasa na miaka 18 kitaingia.

Ya pili iko katika kufikiri. Mtoto wa miaka minne akiambiwa "tulikuchagua" anafurahi. Mwanasaikolojia David Brodzinsky, aliyefanya kazi na watoto walioasiliwa kwa miongo mingi, alionyesha kwamba kati ya miaka sita na minane mtoto huanza kugundua upande wa pili wa habari hiyo: kama nyinyi mlinipata, kuna mtu alinikosa. Akifika ujanani upande huo unakuwa maswali kamili. Nimefanana na nani? Mama alikufa kwa ugonjwa gani, na mimi nitaugua? Kwa nini hakuna mjomba aliyenichukua?

Hilo la mwisho, dada, kwa mtoto wa Kilosa lina uzito wake. Kwa Wakaguru na Wasagara, wenyeji wa huko, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Kama bibi yule alikuwa wa huko, basi binti yako alivunja ungo akiwa hana hata mmoja wa wale ambao kwa desturi wangemtambua kuwa wao. Huenda hajui maneno ya kuliita pengo hilo. Sishangai kwamba ndipo mabadiliko yalipoanzia.

Juu ya bodaboda, hapo sitaki upuuzie, na pia sitaki ushike fimbo. Kumzoea mgeni haraka ni mojawapo ya mabaki ya maisha ya makao, na kwa baadhi ya watoto wa Romania yalidumu mpaka ukubwani. Makaoni mtoto anayemkimbilia mgeni na kumkumbatia ndiye anayepewa pipi na kubebwa. Aliyejifunza hivyo akiwa na miaka mitatu, akifika 14 ana mwili wa kike na silaha ileile. Akisema "alikuwa mkarimu" hakudanganyi. Kwake ukarimu unatosha kuwa kitambulisho. Kumwogopesha kwa habari za ubakaji kunamtia hofu ya usiku bila kumfundisha kupambanua mchana. Mpeni kanuni fupi inayofanyika: dereva mmoja au wawili mnaowajua kwa jina, namba zao kwenye simu yake au ya mwalimu, na hakuna lifti ya bure hata mvua ikinyesha. Kisha mzungumze, mkiwa mnachambua mchele au mnasuka, juu ya watu: fulani ni mwema kwetu, tumejuaje? Tumemjua kwa muda gani? Amewahi kusema hapana? Ni mazungumzo ya mwaka mzima, si ya kikao kimoja.

Sasa mdogo wake.

Umeandika kwamba hana shida yoyote. Kwa upande wa miezi yake mitatu uko sahihi: utafiti wa Romania na ule mkusanyo wa 2009 vinamweka upande wa wanaokua kama wenzao. Lakini kuasiliwa mapema kunamkinga na njaa na upweke wa kituoni. Hakumkingi na habari anayoipata kwa mtu baki. Wifi zako wanajua. Majirani wa zamani wanajua. Na binti yako, ambaye alikuwa na miaka sita siku mlipomwingiza mtoto mchanga ndani, anajua. Alikuona huna mimba Jumamosi, Jumatatu una mtoto. Kwa miaka minane mmemfanya binti huyo abebe siri ya nyumba, na siri hiyo imemfundisha jambo moja juu yake mwenyewe: kwamba kuasiliwa ni kitu cha kuficha. Yeye hawezi kufichika, alikuja akitembea. Basi amebaki yeye peke yake ndiye "mtoto wa kulea" nyumbani, na mdogo wake ndiye mtoto. Ukitafuta chanzo cha hasira zake, anzia hapo.

Mwambieni kijana mwezi huu. Miaka minane ni umri mzuri. Mngekuwa mmeanza hata mapema zaidi, tangu akiwa wa kuogeshwa kwenye beseni, ili habari hiyo asiikumbuke ilianza lini. Kusubiri sekondari ni kumpa habari hii mwaka uleule ambao akili yake itakuwa kwenye vita vingine, au kumwachia mwenzake wa darasani amwambie kwa matusi. Maneno yawe mafupi na ya kweli: "Wewe hukukaa tumboni mwangu. Kuna mama aliyekuzaa, hakuweza kukulea, na sisi tulikwenda mahakamani tukaomba uwe wetu daima. Dada yako naye hivyohivyo. Ukitaka kuuliza, uliza siku yoyote." Halafu nyamaza. Pengine atauliza kama kuna chakula. Usidhani hakusikia, atarudi na swali baada ya wiki mbili, mkiwa njiani kwenda dukani. Msimwambie "mama yako hakukutaka", na pia msimpambie mama huyo kwa hadithi msiyoijua. Kabla hamjamwambia yeye, mwambieni binti kwamba mnakwenda kumwambia, na mseme mmekosea kumbebesha.

Wasomaji Waislamu wa Pwani na Visiwani watakuwa wamegundua kwamba kwao jambo hili lina njia yake. Kafala humlea yatima kwa haki zote za matunzo bila kumbadilisha ubini wake, kwa kufuata agizo la Kurani la kuwaita watoto kwa baba zao, na hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto unaitaja katika kifungu cha 20. Nimeona familia za kafala zikipata tabu nyingi, lakini mara chache sana nimeona ile ya mtoto kugundua siri akiwa na miaka 16. Jina lake linamwambia kila siku.

Kuna dalili ambazo zikijitokeza msingoje bakuli la karanga lifanye kazi: akijikata, akiacha kula au kulala kwa siku nyingi, akizungumzia kufa, akitoroka usiku, au akisema kuna mtu mzima amemgusa. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Ombeni kuonana na anayefahamu watoto, na mweleze historia yote tangu Kilosa, msianzie kwenye "utundu". Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo na binti anaweza kuipiga mwenyewe. Kama hata sasa kutotulia kwake darasani ni kwa muda mrefu, tangu shule ya msingi, litajeni hilo pia, kwa kuwa mara nyingi huchukuliwa kuwa ukaidi na lina msaada wake.

Kuna kazi moja ya kufanya ofisini. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii aliyeshughulikia shauri lenu, au aliyerithi faili lake, mwombe kuona kilichoandikwa siku binti alipoingia makaoni: nani alimleta, kijiji gani, jina kamili la bibi, kama kuna ndugu waliotajwa. Wazazi wengi hawajawahi kuliuliza faili hilo kwa hofu kwamba ukoo utakuja kumdai mtoto. Amri ya mahakama iko mikononi mwenu, na mtoto anayejua alikotoka hatoki kwenu kwa kujua huko. Andikeni mtakachokipata kwenye daftari, yeye mwenyewe akiwa mwandishi, kurasa za mbele ziwe za bibi.

Kisha likizo ya Juni mwende Kilosa, wote wanne, mdogo wake akiwa tayari anajua yake. Tafuteni kaburi. Wapo wazee watakaomkumbuka bibi yule na mjukuu wake aliyekuwa akibebwa kwa kanga, na mmoja wao atamtazama binti usoni amwambie amefanana na nani. Baba ndiye amshike mkono njiani, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaja bweni. Simu ya picha mwachieni binti, apige anachotaka.